Aliyepoteza na Aliyefiwa

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nilimpa pole dada mmoja aliyefiwa na mama yake. Akajibu, "Nimempoteza mama. Ningemwahi mapema…" Sentensi hakuimaliza.

Neno hilo limenikaa moyoni. Ndilo tunalotumia kwa ufunguo. Anayepoteza ufunguo aliuweka mahali akasahau, na sasa ni kazi yake kuutafuta. Kufiwa hakumtuhumu mtu hivyo. Msiba umekuja, umekukuta.

Hasara ya mali sitaisemea sana; Paulo aliyahesabu yaliyokuwa faida kwake kuwa hasara kwa ajili ya Kristo (Wafilipi 3:7), akaendelea na safari. Lakini nimerudia Luka 15. Mwanamke ana shilingi kumi, "akipotewa na moja". Akipotewa! Na akiipata anawaita jirani wafurahie shilingi "iliyonipotea". Hapotezi muda kujilaumu: anawasha taa, anafagia. (Mimi simu isipoonekana, kwanza nawashuku wote walio nyumbani.)

Kuna kupotewa ambako ufagio hausaidii. Mzazi ameketi mbele yako, unamlisha, naye anakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Yupo, na hayupo. Hujafiwa, kwa hiyo hakuna anayekuja kukupa pole, na ukilia unajiona kama unamchulia. Wengine hulibeba hili miaka mingi, Jumapili wanaimba nasi, hatujui. Naamini Mungu anauhesabu huo nao kuwa msiba, ingawa sisi hatujaupa jina.

Naomi alifiwa na mume na wana wawili huko Moabu. Aliporudi Bethlehemu aliwaambia wanawake, "Mimi nilitoka hali nimejaa, naye BWANA amenirudisha sina kitu" (Ruthu 1:21). Hana kitu, na Ruthu amefuatana naye njia nzima! Mkwe huyo naye alikuwa mjane, tena ameacha kwao. Angeweza kuuliza, "Na mimi je?" Maandiko hayakuandika jibu lake lolote. Tunachosoma baadaye ni kwamba aliomba ruhusa aende kondeni kuokota masuke.

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza yule dada tofauti ya kupoteza na kufiwa. Nimeghairi. Jumapili nitaketi karibu naye, nimuulize kama amekula.