Kumbukumbu ya mradi wangu: kusawazisha ukubwa wa matone yanayogeuzwa viputo kwa ultrasaundi (mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio)

Kimiminika ninachokifanyia kazi ni perfluropentani, kampaundi ya kaboni na florini. Huchemka kwenye nyuzi 29 za Selsiasi, chini ya joto la mwili, lakini ikigawanywa kuwa matone madogo sana yaliyovikwa lipidi (aina ya mafuta) hubaki kimiminika hata ndani ya damu, mpaka ipitiwe na wimbi la ultrasaundi lenye nguvu ya kutosha kuigeuza gesi. Oliver Kripfgans, Brian Fowlkes na wenzao wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza mwaka 2000 jinsi jambo hilo linavyoweza kusaidia uchunguzi na tiba: kiputo kinachozaliwa hurudisha mwangwi mkali kwenye picha, na kikiwa kikubwa huweza kuziba mshipa unaolisha uvimbe.

Tone linapogeuka gesi kipenyo chake huongezeka takriban mara 5. Tone la mikromita 1 huwa kiputo cha mikromita 5, ambacho bado hupita kwenye kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu. Tone la mikromita 10 huwa kiputo cha mikromita 50, ambacho hakipiti. Kwa sababu hiyo naona ukubwa wa tone ni sehemu ya kipimo cha dawa yenyewe, na mchanganyiko usiojulikana ukubwa wa matone yake haufai kumkaribia mgonjwa.

Matone ya awali niliyatengeneza kwa kutikisa kwa mawimbi ya sauti, njia ya haraka inayotoa matone ya kila ukubwa. Ukiyahesabu kwa idadi chini ya hadubini, karibu yote ni madogo na matokeo yanapendeza. Ukihesabu kwa ujazo, sura hubadilika kabisa, kwa kuwa tone moja la mikromita 10 hubeba kimiminika sawa na matone 1,000 ya mikromita 1. Tangu nilipochora michoro yote miwili sambamba, mchoro wa ujazo ndio ninaoutumia kuamua kama fungu la matone linafaa.

Fizikia nayo inayapendelea matone makubwa. Nikichukua mvutano wa uso wa milinyutoni 30 kwa mita, tone la kipenyo cha mikromita 10 hubanwa na shinikizo la ziada la kilopaskali 12 tu, la mikromita 1 kilopaskali 120, na la nanomita 200 kilopaskali 600; kadiri tone linavyobanwa zaidi ndivyo linavyokuwa gumu kuchemka. Zaidi ya hayo, sauti husafiri polepole ndani ya perfluropentani kuliko ndani ya maji, hivyo tone kubwa hulikusanya wimbi ndani yake kama lenzi ikusanyavyo mwanga. Makubwa huchemka kwanza. Mtu anayeongeza nguvu ya ultrasaundi ili kuyafikia madogo atakuwa amekwisha kuyageuza yale ambayo hakuyataka, wala hakuna urekebishaji wa mashine utakaoondoa tatizo lililotokana na utengenezaji.

Sasa natumia chipu ya mifereji midogo, ambamo perfluropentani hupita katikati na maji yenye lipidi huibana kutoka pande mbili kwenye koo jembamba, ikakatika tone baada ya tone. Kuta za silikoni hukataa maji, kwa hiyo ni lazima zitibiwe kwanza ili maji yazishike na perfluropentani isinate kwenye kuta hizo. Vilevile sirinji na chipu hukaa kwenye ubaridi, mbali na zile nyuzi 29. Matone yanayotoka yanalingana vizuri sana, na nimefurahi mno kuyaona yamejipanga kwa safu chini ya hadubini. Hata hivyo bado ni ya mikromita kadhaa. Kulifanya koo kuwa jembamba zaidi hupandisha haraka shinikizo linalohitajika, na kuongeza kasi ya maji kupita kiasi hugeuza matone kuwa uzi unaokatika ovyo.

Kwa hiyo hatua inayofuata ni kuanzia upande wa gesi. Paul Sheeran, Paul Dayton na wenzao wa North Carolina walionyesha kwamba viputo vya perflurobutani, kampaundi ya jamii moja na perfluropentani inayochemka kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri, vinaweza kupozwa na kubanwa mpaka viwe matone. Kiputo cha mikromita 5, ambacho chipu yangu inaweza kukitoa bila kulazimishwa, kingesinyaa na kuwa tone la takriban mikromita 1. Nitakachokipima kwanza ni kama usawa wa ukubwa unabaki baada ya kupozwa, kwa mchoro uleule wa ujazo.