Mashine ipo, majibu hakuna

Leo nimemrudisha nyumbani mama mmoja bila majibu ya kifua kikuu, kwa mara ya tatu. Imeniuma sana.

GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu (TB), tunayo hapa maabara. Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2010, na ni kipimo kizuri kweli: ndani ya saa 2 hivi unajua kama vimelea vya TB vipo, na kama vimeshakuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Kwa hadubini usugu huo huuoni kabisa.

Lakini inataka chumba kisichozidi nyuzijoto 30, na kiyoyozi chetu kimekufa tangu Oktoba. Umeme ukikatika katikati ya kipimo, katriji, kile kikasha cha kuwekea sampuli, ndiyo imeharibika hivyo, na katriji zenyewe (wenzangu wa maabara mnajua) huja za kuhesabu. Betri ya akiba haimalizi dakika kumi. Nimeandika barua nne kuomba fundi.

Siku ya uzinduzi utepe ulikatwa. Fedha za matengenezo hazikutengwa.

Mama yule anakohoa na analala chumba kimoja na wajukuu wawili. Makohozi yake nimeyahifadhi kwenye friji. Kesho alfajiri nayapeleka mwenyewe hospitali ya mkoa, kwenye kiboksi chenye barafu.