Siku yangu na nyumba iliyokwenda pogo

Saa 11:20 alfajiri. Mtoto bado amelala. Nabandika maji ya chai, navaa spika za masikioni, nafungua laptopu. Leo nina kipindi cha uchambuzi wa filamu fupi, na filamu yenyewe ni One Week, filamu isiyo na sauti ya mwaka 1920 ya Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani. Naijua karibu kwa moyo, lakini siingii darasani na filamu ambayo sijaitazama asubuhi ya siku hiyo hiyo. Kichekesho kina tabia ya kukuficha jambo, na ukidhani umelimaliza ndipo linakupita.

Kisa ni chepesi. Maharusi wanapewa kiwanja na nyumba ya kuunganisha, imekuja kwenye makasha yenye namba. Jamaa aliyemkosa bibi harusi anabadilisha namba kwa rangi. Bwana harusi, ambaye ni Keaton mwenyewe, anafuata maelekezo kwa uaminifu wote, na nyumba inatoka pogo: kuta zimeinama, na juu kuna mlango unaofunguka hewani.

Saa 1:15. Daladala, foleni, nimesimama. Nawaza namna ya kulianza suala la utanzu bila kuwapa wanafunzi jibu.

Saa 3 kamili. Wamo 14. Nafunga mapazia, nawasha projekta, nazima sauti kabisa. Kopi hii ina piano iliyopachikwa baadaye, na piano hiyo inamwambia mtazamaji acheke wapi. Namtaka kila mmoja aandike alipocheka kabla hajamtazama jirani yake.

Taa zikawaka, nikauliza: hii ni filamu ya aina gani? Jibu la haraka ni lile lile la kila mwaka: vichekesho vya kuanguka. Ni kweli, Keaton alikulia jukwaani na wazazi wake akirushwa huku na huku, na mwili wake unajua kuanguka. Ila tukiishia hapo tumeikosa nusu ya filamu. Mwaka 1919 kampuni ya Ford ilitoa filamu ya kuelimisha, Home Made, kuhusu nyumba za kuunganisha. Keaton anaiiga kwa dhihaka. Ndiyo maana kalenda inachanwa ukurasa kwa ukurasa, siku baada ya siku, kama somo la ujenzi lililopangwa vizuri. Umbo limekaa kwa adabu zote, yaliyomo ndiyo yamepinda. Na uso wa Keaton haucheki hata mara moja, kwa sababu mtu anayefuata maelekezo hana sababu ya kucheka.

Tulipolinganisha madaftari nikaona jambo nililolipenda sana. Sherehe ya kuingia nyumbani inaangukia Ijumaa tarehe 13, na hakuna hata mmoja aliyeandika kitu hapo. Kwetu tarehe hiyo haina mkosi. Lakini pale wanapoambiwa wamejenga kwenye kiwanja kisicho chao, kwa kuwa kibao kikigeuzwa 99 inakuwa 66, darasa zima limecheka, na dada mmoja kaandika pembeni: "kama kwa baba mdogo." Mji huu watu wanaujua uchungu wa kiwanja. Kichekesho hicho kimevuka bahari na miaka zaidi ya mia bila kuhitaji mkalimani.

Saa 4:40. Treni. Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu alfajiri. Maharusi wanaiburuta nyumba kuipeleka upande wa pili wa reli, inanasa juu ya reli, treni inakuja. Wanaziba macho. Treni inapita reli ya jirani, nyumba haijaguswa. Wanapumua, na treni nyingine kutoka upande wa pili inaisambaratisha.

Wengi walisema siri ni mshangao. Sikukataa, nikachukua chaki nikachora mistari minne sakafuni, reli mbili zilizo sambamba. Juu ya reli moja nikaweka kikombe changu, kwenye nyingine boksi la chaki. Waliosimama waliona wazi kwamba boksi litapita pembeni. Nikamwomba kijana mmoja achuchumae mbali kidogo, ubavuni, aangalie kwa kamera ya simu karibu na sakafu. Nikalisukuma boksi taratibu. "Madam, linagonga!" akasema, na mkono wake ukaruka. Kila mtu akataka kuchuchumaa. Kwa pembe ile nafasi kati ya reli inamezwa, mbili zinakuwa moja. Keaton hajatudanganya kwa maneno wala kwa mkato wa haraka. Ameiweka kamera mahali panapotunyima habari moja tu, akaiacha itulie. Taharuki na kicheko vyote vimetoka mahali miguu ya kamera iliposimama.

Hilo ndilo ningependa watoke nalo hata wakisahau mengine yote.

Tuligusa pia ile shoti ya bafuni, bibi harusi anapoangusha sabuni na mkono unatokea kuziba lenzi mpaka aiokote. Wakubwa kidogo walikumbuka mabanda ya video na sauti ya Lufufu akisimulia filamu za kigeni: mtu wa katikati anayekukumbusha kwamba kuna anayekuonyesha. Nimeliandika kwenye daftari langu, linastahili kipindi chake.

Saa 7. Wali maharage, maji, dakika ishirini za kukaa kivulini.

Saa 9. Napitia kazi za vitendo. Kijana yule wa kuchuchumaa ana filamu ya dakika tatu: mchoraji ametumwa kuandika NYUMBA HII HAIUZWI, anakosea nyumba, anaandika kwenye ukuta wa jirani ambaye muda huo huo analeta mnunuzi. Wazo ni zuri mno. Lakini amelizika. Sura ya mwenye nyumba imevutwa karibu, mlio wa kuchekesha umewekwa juu yake, kisha shoti hiyo hiyo imerudiwa mara tatu. Najua inatoka wapi, simu zetu zimejaa klipu za namna hiyo. Nikamuuliza, mtazamaji alijua lini kwamba mnunuzi anakuja? Akanyamaza. Alijua akiwa amechelewa, pamoja na mwenye nyumba. Tukachora kwenye karatasi: kamera ng'ambo ya barabara, kona ya nyumba katikati ya fremu, mchoraji kushoto, wanaokuja kulia. Sisi tunawaona wote, wao hawaonani. Akauliza ataweka muziki gani. Nikamwambia kwanza arekodi bila muziki.

Saa 12 jioni. Daladala tena, kisha sokoni kuchukua nyanya na dagaa. Kazi ya shule ya mtoto, hesabu za kugawanya.

Saa 3:25 usiku simu inalia. Ni kijana yule: amerudi kurekodi leo leo, kabla jua halijazama. Shoti moja, sekunde 41, haina sauti isipokuwa pikipiki ya mbali. Mchoraji anarudi nyuma hatua mbili kuikagua kazi yake, anaona A ya mwisho imepungua, anairudia kwa makini. Kulia mwenye nyumba anamwonyesha mnunuzi paa, kisha dirisha, wanasogea. Rangi ya A inachuruzika ukutani, mstari mmoja mwembamba, na mnunuzi anakata kona.