Siku Moja Maishani Mwangu: Kusoma Umri wa Mbu

Saa kumi na mbili asubuhi nilikunywa mofini kabla ya chai. Dawa hii ya maji ya kutuliza maumivu ni chungu, nayo hunywewa kila baada ya saa nne, kwa hiyo kikombe kidogo cha plastiki ndicho kinachoigawa siku yangu. Nina umri wa miaka 29, nami ninaugua saratani ya ini iliyotokana na virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo yaelekea viliniingia utotoni, kabla watoto wachanga nchini Tanzania hawajaanza kupewa chanjo yake. Upasuaji hauwezekani tena. Niliuliza mara mbili, nikajibiwa vilevile mara zote mbili.

Saa moja na nusu niliisikia pikipiki ya rafiki yangu langoni. Yeye ndiye anayezunguka vijijini hapa katika bonde la Kilombero kukusanya mitego ya taa iliyolala kando ya vitanda vyenye vyandarua. "Daktari, leo kuna mzigo," alisema, ingawa anajua vyema kwamba shahada ya uzamivu sitaimaliza. Nilimjibu, "Weka mezani, kaka," tukaanza kuchambua: madume kando, kuleksi (mbu wasioeneza malaria) kando, kisha majike ya Anopheles funestus, ambao mara nyingi huwa wachache mtegoni lakini ndio wanaoeneza sehemu kubwa ya malaria ya bonde hili.

Tunachotafuta ni umri wao. Vimelea vya malaria huhitaji takriban siku kumi au zaidi ndani ya mbu kabla ya kufika kwenye tezi za mate, na mbu anayekufa kabla ya hapo hawezi kumwambukiza mtu. Kwa hiyo mbu wa kuogopwa ni yule aliyeishi muda mrefu. Njia tunayoitumia, iliyoelezwa na Detinova katika kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1962, ni ya kizamani, nami naipenda kuliko mashine zote za maabara. Unamweka mbu katika tone la maji, unavuta ncha ya tumbo kwa sindano mpaka ovari zitoke, unaziacha zikauke juu ya kioo, kisha unatazama vijibomba vyake vya hewa kwa hadubini. Vikiwa vimejisokota kama uzi mpya, mbu huyo hajawahi kutaga. Vikiwa vimenyooka, ameshataga angalau mara moja, yaani ameishi muda mrefu zaidi, wala vijibomba havijisokoti tena. Majike yenye mayai yaliyokwisha kukua hayafai, kwa kuwa vijibomba huwa vimekwisha kunyooka.

Saa nne nilikunywa dozi ya pili, na kufikia saa tano mikono yangu ilikuwa ikitetemeka kiasi cha kuchana ovari mbili mfululizo. Rafiki yangu alinyoosha mkono bila kusema neno, nikampa sindano. Tangu wiki iliyopita yeye hupasua na mimi husoma, na jana tulisoma vioo 40 bila mmoja kuona majibu ya mwenzake: tulipatana katika 37. Nimemwandikia pia maelekezo ya kurasa 11, ambayo yeye huyacheka kwa sababu nimeeleza hata namna ya kukaa kwenye kiti.

Saa nane nilikunywa dozi, uji na papai, kwani mofini hufunga choo, nikalala kwenye godoro alilolileta stoo mwezi uliopita. Kabla ya hapo alikuwa amenisihi nirudi kwa mama, nami nikamkasirikia. Hakubishana, alileta godoro.

Jioni aliondoka kwenda kutega. Zamani nilikuwa nikipanda nyuma ya pikipiki hiyo. Leo nilimsindikiza hadi langoni.

Saa nne usiku dozi huwa maradufu, ili nisiamke kunywa nyingine usiku wa manane. Kabla sijainywa nilifungua daftari na kuona kwamba katika safu ya msomaji, kwa vioo vyote vya alasiri, ameandika herufi za jina lake peke yake. Kisha akapiga simu: vioo vitatu vilimtia shaka, je, avifute?

Nilimwambia aviache kisandukuni, vikishakauka havina haraka, tutavitazama pamoja asubuhi.

"Saa moja na nusu?"

"Saa moja na nusu, kaka."