Kushuka kwa Gia

Kosa lilikuwa langu. Kwenye simu nilimwambia Mama aje wakati wa vuli, maana ndivyo kamusi zinavyouita msimu huu ambao majani ya huku Marekani hugeuka rangi kabla ya kupukutika. Mama ni mtu wa Lushoto. Kwake vuli ni mvua. Akatua na mwavuli mkubwa mweusi, na wiki mbili nzima mbingu zikawa kavu.

Jumamosi moja ya katikati ya Oktoba tulitoka Maryland alfajiri kwenda Virginia, kwenye Skyline Drive, barabara inayopita mgongoni mwa milima ya Blue Ridge kwa kilomita 169. Alfajiri yetu haikusaidia kitu: lango la Front Royal tulikaa foleni saa nzima na nusu, kisha tukalipa dola 30. Mama akazigeuza shilingi kimoyomoyo.

"Kuangalia miti?"

Lakini miti yenyewe! Mteremko mzima wa njano ya binzari, katikati mti mmoja mwekundu peke yake. Kijana wangu wa miaka tisa akamweleza bibi yake walichofundishwa shuleni: ile njano imo ndani ya jani muda wote, kijani ndicho kinachoifunika. Mama akaokota jani, akalifunga kwenye pindo la leso pamoja na pesa zake.

Mkasa ulitukuta Thornton Gap, tulipoiacha Skyline Drive na kushika barabara namba 211 kuteremkia Sperryville. Ni kona juu ya kona. Baba watoto amezaliwa Dar, mlima anaoujua ni wa Pugu. Mguu wake ukaganda kwenye breki.

Mama hawezi kumkosoa mkwewe mdomo kwa mdomo. Akapitia kwa mjukuu.

"Mume wangu, hebu muulize baba yako, nani anapiga pasi humu ndani?"

Sote tukanusa. Baba watoto akacheka kidogo, akaendelea. Kona mbili mbele:

"Mume wangu, mwambie baba yako basi la kwetu Soni haliteremki kwa mguu. Linateremka kwa gia."

Safari hii hakucheka mtu, maana pedeli ilikuwa imeanza kuzama. Tukapata upenyo pembeni, tukasimama. Gurudumu la mbele lilikuwa linafuka moshi. Mtoto akakimbilia chupa ya maji, na hapo Mama akasahau ukwe na adabu zote: "Usimwagie! Chuma cha moto hicho, kitapasuka! Baba, tafuta jiwe weka tairi la nyuma!" Mkwe akatafuta jiwe mbio, kama utingo.

Tulikaa pale dakika arobaini. Mama akafungua mwavuli wake, akakaa ukingoni na chupa ya chai, majani yakimdondokea juu ya mwavuli tap, tap. Wapita njia wakapunguza mwendo kumpiga picha.

Mimi nilikuwa naiwaza ile njia ya kona ya kutoka Mombo kupanda Lushoto. Miaka minne ya sekondari nimeipanda na kuishuka nikiwa nimeinamia mfuko wa rambo, natapika, nasubiri tu mtu aseme tumefika. Ukiniuliza korongo la pale Soni likoje, nitakuambia rangi ya mfuko.

Breki zilipopoa, baba watoto akaweka gia ndogo. Injini ikanguruma kama lori la mbao, gari likashuka taratibu lenyewe. Sperryville tukakuta matufaa, na bei yake sitaki hata kuiandika. Mama alilishika moja, akalirudisha, akasema Lushoto kwa hela hiyo angepata ndoo ya mapeasi na fyulisi za nyongeza.

Fundi alitukamua vizuri kwa breki mpya. Mama aliporudi kwao, mwavuli aliuacha. Nilipoufungua juzi, majani matatu yakaanguka sebuleni, yamekauka, rangi ya kahawia.