Springi za Jumatatu, springi za Jumamosi

Jumapili, Tabata, saa nne usiku

Leo jioni nimelipa arubuni ya seti ya springi na shokapu za kunyanyulia bodi ya Prado langu, halafu nikakaa barazani nusu saa nzima bila kumwambia mtu, kama mtoto aliyedokoa mboga ya wageni. Miezi minne nimezunguka na jambo hili. Nimeuliza kwenye maduka ya spea ya Gerezani, nimeuliza Ilala, nimemuuliza shemeji (hapo nilikosea), nimemuuliza fundi. Mwisho nikaenda kuuliza mzani wa chuma chakavu, na huo ndio ulionijibu.

Gari lenyewe ni Prado la mwaka 1999, milango mitano, injini ya 1KZ, rangi ilikuwa nyekundu. Jumatatu hadi Ijumaa linanipeleka mjini kazini, ndani nikiwa mimi, mkoba, na jirani mmoja anayeshukia Buguruni. Jumamosi ni shamba, mbele ya Maneromango, lami inapokwisha ukaanza mchanga, kisha mfinyanzi, kisha kile kipande ambacho wakati wa masika sina jina la heshima la kukiita. Kwenda tunabeba maji, mbolea, mama na kigoda chake. Kurudi tunabeba mihogo. Hapo ndipo nyuma linapochuchumaa kama paka anayetaka kuruka, taa za mbele zinamulika miembe badala ya barabara, na madereva wa malori pale Pugu wananiwashia mataa wakidhani nawafanyia makusudi.

Shemeji alikuwa na jibu kabla sijamaliza kuuliza. "Shemeji, inchi tatu. Tairi kubwa, mkonga (lile bomba la kuvutia hewa) juu. Mtu akikuona kwenye kioo anapisha mwenyewe." Yeye ana Land Cruiser la mkonga, na kwa gari lake maneno hayo yana maana. La kwake mbele lina ekseli moja nzima, chuma kilichonyooka kutoka tairi hadi tairi, likinyanyuliwa ekseli inabaki ilivyo. Prado langu mbele kila tairi linapanda na kushuka peke yake, linasukumwa na shafti yenye jointi zinazojikunja. Ukinyanyua bodi, jointi zinajikunja zaidi. Mpaka kama inchi mbili zinavumilia. Ukizidi hapo unaanza kununua vitu vya kurekebisha vitu ulivyonunua.

Hilo sikulijua kwa kusoma. Mwaka juzi gereji moja ilinishawishi kuweka spesa, yale madonge ya nailoni yanayokaa juu ya shokapu za mbele. Laki moja na nusu, kazi na vifaa, ndani ya saa tatu umemaliza. Waliweka za milimita 30. Nikarudi nyumbani kifua mbele, gari limesimama kama askari wa gwaride. Ila nilipopima, lilikuwa limepanda karibu sentimita 6, siyo 3. Nikadhani nimepima vibaya. Wiki ya sita nikaanza kusikia tak-tak-tak kila nikikata kona, na ndani ya ringi ya kushoto kumepakwa grisi nyeusi kama mtu kamwaga masizi. Buti ya jointi, ule mfuko wa raba unaoifunika, ilikuwa imechanika, mchanga umeingia, jointi imekwisha.

Fundi wangu wa sasa ndiye aliyenionyesha kwa nini. Alifungua mlango wa kibanda chake, akaniambia niusukume kwa kidole karibu na bawaba, nitazame ncha. Kidole kilikwenda kidogo tu, ncha ya mlango ikasafiri. "Shokapu yako imefungwa katikati ya amu ya chini, huu mkono wa chuma unaoshika tairi, haijafungwa kwenye tairi," akasema. "Ukiongeza tatu pale, kwenye tairi zinatoka sita." Siku alipoziondoa zile spesa niliona jambo lingine lililonifanya nisiende tena kwa fundi mwingine. Alirudisha boliti zote za bushi, zile raba za kwenye maungio ya amu, akazikaza kwa mkono tu, akalishusha gari chini, akaingia na kutoka mara mbili ili likae, ndipo akalala chini na spana kuzikaza kabisa. Nilimuuliza mbona asikaze gari likiwa bado juu, anavyofanya kila mtu. Akasema bushi ikikazwa amu zikiwa zinaning'inia, gari likishuka raba inabaki imesokotwa maisha yake yote, na maisha yenyewe yanakuwa mafupi.

Basi safari hii nilikwenda kwake kwanza. Nikamwambia nataka kunyanyua gari. Hakuniuliza inchi ngapi.

"Mama Neema, linabeba nini?"

"Mihogo."

"Kilo ngapi?"

"Nyingi."

"Nyingi siyo uzito, mama. Kapime, urudi."

Ndiyo nikaenda kwenye uwanja wa chuma chakavu wenye mzani wa malori. Kijana wa mzani aliniangalia, akaliangalia gari, akauliza kwa adabu kabisa kama nauza kwa kilo. Nilimpa ya soda akanipimia: kwanza tairi za mbele peke yake juu ya mzani, halafu gari zima. Ukitoa moja kwa nyingine unapata nyuma. Tupu, tangi likiwa nusu, mbele kilo 1,010 na nyuma 880. Jumamosi iliyofuata nikapitia palepale tukitoka shamba kabla ya kushusha mzigo. Mama alikataa kushuka, akasema hawezi kushushwa kwa ajili ya kupimwa kama kiroba, kwa hiyo na yeye yumo kwenye hesabu. Mbele 1,020. Nyuma 1,320.

Nilizitazama namba hizo usiku ule kuliko nilivyowahi kutazama salio la benki. Mbele karibu hapaongezeki kitu, wakati nyuma zinaongezeka kilo 440. Miaka yote hii nimekuwa nikisema "gari limechoka", kumbe mbele halijachoka hata kidogo.

Watengenezaji wazuri wa springi hizi, hasa wale wa Australia ambako watu wana vumbi na masafa kama sisi na zaidi, hawauzi springi kwa kuuliza unataka kuonekanaje. ARB ya Melbourne, ambao wako kazini tangu 1975, springi zao za Old Man Emu wanazipanga kwa mzigo: hii ya gari tupu, hii ya mzigo wa kudumu kiasi hiki, hii ya mzigo mkubwa zaidi. Neno lenyewe ni hilo, wa kudumu. Mwenye bampa la chuma mbele na winchi anabeba uzito ule saa zote, anachagua springi ya mbele iliyo ngumu kidogo. Mwenye friji na matangi ya maji yaliyofungwa nyuma daima, vivyo hivyo. Na mimi je? Mzigo wangu unadumu saa tano, Jumamosi.

Hapo ndipo nilipokwama, na hapo ndipo miezi miwili kati ya ile minne ilikoishia. Nikichukua springi nene za kilo 400, Jumamosi nitakuwa malkia. Lakini Jumatatu, gari likiwa tupu, springi hizo hazijui kwamba mihogo imeshauzwa. Zitanirusha kila tuta kutoka Tabata hadi mjini, tairi za nyuma zitadunda barabarani badala ya kuishika, hasa mvua ikinyesha. Nikichukua laini, wiki nzima raha, Jumamosi nachuchumaa. Wengine wanaponunua ile nene wanajifariji kwamba "zitalainika". Zinakaa kidogo kweli katika kilomita mia kadhaa za mwanzo, ila springi ya kilo 400 haigeuki kuwa ya 100.

Shemeji aliposikia nahesabu Jumatatu na Jumamosi alicheka mpaka akakohoa. Nikamwacha.

Jibu fundi alilitoa kwenye kabati lake, limefungwa kwenye gazeti: mpira mweusi mfano wa chupa kubwa ya maji, una kimrija kama cha tairi. Unaingia ndani ya springi ya nyuma, katikati ya yale mazunguko. Unaujaza upepo. Siku za kawaida upepo 5 tu, usikunjamane. Siku ya mzigo unapita kwa kijana wa pancha, unajaza 20 au 25, nyuma inanyanyuka, ukishusha mzigo unautoa. Kwa hiyo nachukua springi ya kati nyuma, na mipira miwili hii ndani yake. Sitakuwa malkia, lakini nitaiona barabara badala ya miembe. Fundi akanionya jambo moja na akalirudia: springi wala mpira haviongezi hata kilo moja kwenye uzito ule ambao gari limeruhusiwa kubeba. Ekseli, breki na chesisi ni zilezile. Gari kusimama wima haina maana limepata nguvu mpya.

Shokapu sikuhangaika sana. Wengi mtaani wanaamini shokapu ndiyo inayobeba gari, kwa hiyo gari likilala wanabadilisha shokapu na linaendelea kulala. Springi ndiyo inayobeba. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuchezacheza. Kwenye ile barabara yetu yenye mawimbi mafupi mafupi, mafuta ndani ya shokapu yanapata joto na kutoa povu, kama uji ulioachwa jikoni, na povu halizuii kitu. Za gesi ya naitrojeni hazitoi povu upesi. Nimechukua hizo, basi.

Kilichonisikitisha ni difu, lile tufe la gia katikati ya ekseli. Nilikuwa nimejijengea picha kwamba nikinyanyua gari, lile fungu la mchanga katikati ya njia lililokuwa likikwangua difu ya nyuma litapita chini kwa amani. Halitapita. Springi zinanyanyua bodi, na difu imekaa kwenye ekseli, na ekseli imekaa kwenye tairi. Kinachonyanyua difu ni tairi peke yake. Yangu ni 265/70 ya ringi 16. Nikipanda hadi 265/75, kimo cha tairi zima kinaongezeka milimita 26, kwa hiyo difu inapanda 13. Unene wa kidole changu. Kwa kidole hicho spidomita nayo inaanza kudanganya: ikisoma 50, kweli yake ni karibu 52, na wenye tochi barabarani hawahesabu kipenyo cha tairi. Tairi zangu bado zina nyuzi, acha ziishe kwanza. Kunyanyua kutanisaidia pua ya gari isichimbe nikishuka korongoni, na tumbo lisikae juu ya tuta. Fungu la mchanga nitaendelea kulikwepa kama ninavyolikwepa siku zote, tairi moja juu yake.

Kuna kitu kimoja nilikuwa sijawahi kukisikia, na nadhani wenye spesa wengi hawajakisikia pia. Nyuma ya Prado langu kuna vali ya breki yenye kijiti kilichounganishwa na ekseli. Mzigo ukikaa, bodi inashuka, kijiti kinasukumwa, vali inaruhusu breki zaidi nyuma. Gari tupu, breki za nyuma zinapunguzwa zisikamate mapema ukaserereka. Sasa nyanyua bodi bila kugusa kijiti: vali inaamini gari ni jepesi milele. Unashuka Pugu na kilo 440 nyuma, yenyewe inakupa breki za gari tupu. Dawa yake ni kipande cha bati nene kinachorudisha kijiti mahali pake, fundi anakichonga mwenyewe. Kipande hicho kimo kwenye hesabu niliyolipia, pamoja na alaimenti baada ya kazi na mipira mirefu zaidi ya breki.

Ilibaki kimo. Springi zenyewe zinapatikana za kunyanyua sentimita 4 na 5, na shemeji alikuwa bado na zile inchi tatu zake. Asubuhi baada ya kanisa nikaona nisibishane naye. Jirani anajenga, nikaazima mbao. Nikazipanga chini ya tairi zote nne, inchi tatu, nikalipandisha gari juu yake polepole huku Neema akiniongoza kwa mikono. Halafu nikamwita mama.

Alikuja na kigoda chake, akaweka mguu mmoja juu yake, akashika mlango, akajaribu mara mbili. Goti la kulia likagoma. Akakirudisha kigoda kwapani. "Leo gari limekataa," akasema, akarudi kuchambua mchele.

Nikatoa mbao, nikapanga za inchi mbili, yaani zile sentimita 5. Nikasubiri kama saa nzima asije akashuku. Nikamwita tena. Akaweka kigoda, akapanda, akatulia, akavuta mkanda na kuufunga.

"Haya," akasema. "Tunakwenda wapi?"

Ikabidi nimpeleke Kinyerezi kumsalimia dada yake.