Chumba cha dola 49

Jumapili, usiku

Malalamiko ya wageni wa hoteli kubwa za kasino za Las Vegas yanafanana mpaka yanachosha: chumba kilikuwa rahisi, bili ikatoka ghali, usingizi haukupatikana. Nadhani kosa huanzia kwenye kuiita hoteli. Ile ni kasino yenye vitanda, na chumba ni chambo.

Twende na hesabu. Tuseme chumba kimetangazwa dola 49 kwa usiku. Kuna ada ya lazima ya huduma za hoteli, mara nyingi kati ya dola 35 na 55, uogelee usiogelee. Weka 45. Zinakuwa 94, kisha kodi ya vyumba, takriban asilimia 13.38 kwenye Strip, barabara yenye kasino kubwa, inapigwa juu ya vyote viwili. Umefika dola 106 na senti 58, bado hujaegesha gari. Tangu tarehe 12 Mei 2025 sheria ya Marekani inataka ada za lazima ziwemo kwenye bei inayotangazwa. Kodi na maegesho bado huweza kubaki nje, kwa hiyo soma mpaka mstari wa mwisho kabla ya kulipa.

Mapokezi nao hushikilia amana. Ukitoa kadi ya mkopo, kinachopungua ni kikomo chako tu. Ukitoa kadi ya benki ya kawaida, ni fedha zako zenyewe zinazofungwa, na kurudi kwake huweza kuchukua wiki nzima au zaidi. Wengi hukwama hapa, wakidhani wameibiwa.

Chumbani, friji ndogo ndiyo mtego. Nyingi zina vihisio: ukiinua chupa kwa muda mfupi tu, imeshaandikwa kwenye bili. Mwenye insulini asiisukumie humo kati ya soda. Aombe friji ya dawa mapokezi. Kiyoyozi nacho mara nyingi hufuata mwendo wa mtu. Ukilala bila kujigeuza, kinadhani chumba ni kitupu na kinapunguza kazi, na huko Julai jua la jangwani hupitisha nyuzi 40. Kuhusu kelele, omba chumba kilicho mbali na lifti na kisicho na mlango wa kuunganisha na cha jirani, maana mlango huo hupitisha sauti kuliko ukuta. Omba kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Baadaye utaambiwa pamejaa.

Njia ya kwenda lifti hukatiza katikati ya mashine za kamari, tena penye moshi wa sigara, kwa kuwa sheria ya 2006 ya Nevada, jimbo lenye jiji hili, iliyobana uvutaji iliziacha nje kumbi za kasino. Hakuna aliyekosea ramani hapo.

Na ukiamua kucheza, tazama meza kwanza. Ruleti, mchezo wa gurudumu lenye namba, ikiwa na sifuri moja huiachia kasino wastani wa asilimia 2.7 ya dau, ya sifuri mbili, 5.26, ya sifuri tatu, 7.69. Gurudumu ni lilelile machoni pa mgeni! Kwenye karata za ishirini na moja, meza nzuri hulipa 3 kwa 2, yaani dola 15 kwa dau la 10 ukipata ishirini na moja kwa karata mbili za mwanzo. Meza za 6 kwa 5 hulipa 12 tu. Maneno hayo huandikwa kwenye kitambaa cha meza, kwa hiyo asiyesoma hana wa kumlaumu. Mgeni asiye mkazi wa Marekani ajue pia kwamba ushindi mkubwa wa mashine hukatwa kodi ya asilimia 30, na Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kuiondoa. Ushindi wa ruleti na karata hizo haukatwi.

Kutoka mara nyingi ni saa tano asubuhi. Bili iombwe usiku wa kuamkia siku hiyo, ipitiwe mstari kwa mstari na chupa za friji zikanushwe papo hapo, maana asubuhi foleni ni ndefu na teksi ya uwanja wa ndege imeshafika.